Doa la Mtamba Mweupe

Bariadi,
Jumapili, 21 Septemba 1997

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Masunga,
Nkoma.

Mwadila, Baba. Nakuamkia kwa heshima zote ninazodaiwa na mzazi wangu. Mama naye namwamkia, mwadila mayu. Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima, mmekaa mbele ya nyumba jua likiwa limepungua ukali, na dada yangu Minza yuko kwenye kigoda chake anawasomea kama kawaida. Sisi huku hatujambo. Esteria hajambo, watoto hawajambo, isipokuwa mdogo alishikwa na kifua kwa sababu ya vumbi la pamba, na sasa anakula vizuri. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Je, goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aitumie mpaka iishe, asiitunze kabatini kama anavyotunza kila kitu. Na ng'ombe wanakunywa wapi, maana nasikia lambo limebaki tope? Kama pamba hujamaliza kuuza, usiwape hao wanaopita na malori na mizani yao wenyewe. Tangu biashara iachiwe kila mtu, mwenye mizani na gunia tupu naye ni mnunuzi, na waongo wamekuwa wengi. Nimeliandika neno hilo, Baba, nikaweka kalamu chini kwanza.

Utaona sijamsalimia Minza. Sijamsahau. Nitamfikia.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori. Umesema wale wa Shishiyu hawajaleta mtamba wa faini, kwamba mwezi huu ukiisha hutawangoja tena, na kwamba umemwambia Minza amsahau mchumba wake Malimi. Maneno ni yako lakini mwandiko ni wa Minza. Pale kwenye neno "amsahau" kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Nimekaa na kale katundu wiki nzima. Umeniuliza ninasemaje, mimi kama kaka mkubwa na mwenye gari. Nitajibu, ila niruhusu nianze nyuma kidogo.

Unakumbuka siku gari lilipofika kutoka Dar es Salaam. Ulikuja Bariadi kwa basi, ukalizunguka lile Corolla jeusi kama unavyozunguka dume mnadani, ukaagiza boneti lifunguliwe, ukachungulia humo muda mrefu. Kisha ukaweka mkono juu ya paa ukasema kuwa hili sasa ndilo zizi lako. Watu pale stendi walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini neno lile liliniingia. Ng'ombe uliowauza ili nilinunue nilikuwa nawajua mmoja mmoja. Nilijua pia kule Nkoma kuna watu wanaosema mzee Masunga amebadilisha mifugo kwa bati. Kwa hiyo ulipotuma habari kwamba ndugu zake Malimi wataleta ng'ombe wa mahari, na kwamba unataka gari liwepo siku hiyo, niliapa kwamba litafika likiwa linang'aa mpaka wale wasemaji wajione humo na midomo yao.

Hapo ndipo ujuaji ulipoanza. Zamani, nilipokuwa kibarua kwenye ginari ya kuchambua pamba, gari la ushirika tuliliosha kwa sabuni ya mche na ndoo, likakauka, basi. Siku hizi nenda dukani kwa Salu, pale karibu na stendi, utadhani umeingia duka la dawa. Makopo yamepangwa mpaka darini, mengine maandishi ya Kiarabu, mengine ya Kijapani, na kila moja lina picha ya gari ambalo halijawahi kuona barabara ya Bariadi. Salu si mtu wa kukuharakisha. Alinieleza kwamba gari linaoshwa kwanza kwa maji mengi na sabuni laini, kivulini, bati likiwa limepoa, ili mchanga wote uondoke. Akasema kopo jekundu ni kompaundi, dawa yenye chembechembe, na hiyo ni ya kuondolea mchubuko tu, kidogo sana, kwa kidole na kitambaa. Kopo la njano ni polishi ya kung'arisha. Nta ndiyo ya mwisho, ya kulinda. Akanishauri nichukue nta na kitambaa cha flaneli niende zangu, kwa sababu gari lililotumika limeshasuguliwa sana huko lilikotoka na hakuna anayejua rangi yake imebaki unene gani.

Nikamjibu kwamba mimi nimefika kidato cha nne na maandishi ya kopo nayasoma mwenyewe. Ndivyo nilivyomjibu, Baba, mbele ya wateja wake. Nikachukua kopo jekundu, tena lile kubwa. Nta niliiona kama mafuta ya watoto, unapaka na huoni kilichofanyika. Kompaundi unasugua kidogo tu unachosugulia kinatoka cheusi tii, na bati linaanza kucheka. Nilifurahi kuona uchafu ule unavyotoka. Jumapili baada ya misa nilikuwa navua shati la kanisani na kuanza, na Jumapili iliyofuata naanza tena, na majirani wanaleta viti. Nilikuwa nawafundisha, hebu fikiria. Nilikuwa nawaeleza tofauti ya makopo.

Flaneli sikununua. Nilisema mtu anayeishi katikati ya pamba hawezi kununua kitambaa. Nikabeba pamba ya ghalani kwetu, pamba mbegu kama ilivyotoka kwa wakulima, nikaifinyanga kuwa donge. Mimi ni karani wa kupokea pamba. Kazi yangu ni kuingiza mkono guniani na kuwakemea watu waliotia mchanga ili mzigo uwe mzito. Nawakemea mpaka wanaona aibu, wengine wazee wa umri wako. Pamba hiyohiyo, na mchanga wake na mbegu zake, nikaisugulia gari langu. Nilipoona imeacha mistari midogo midogo kama nyayo za kuku, nikasema dawa yake ni kusugua zaidi.

Mkono ulipochoka nikaazima drili kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ile ngozi ya kondoo ambayo Mama alimpa mtoto wetu alalie, niliikata kipande cha mviringo nikakifunga kwenye drili. Esteria alininunia siku mbili, na alikuwa na haki. Alisema gari limeshang'aa vya kutosha, nimwachie mtoto ngozi yake. Nikamwambia mambo ya gari hayajui. Nikaendelea, hasa kule nyuma kwenye kona za madigadi, kwa sababu hapo mistari ilionekana zaidi.

Nisikuchoshe. Siku ile ilipofika nililileta Nkoma, na wewe mwenyewe uliona jinsi lilivyokuwa. Uliniagiza nilisimamishe kando ya lango la zizi, ili ng'ombe wa mahari wapite ubavuni mwake na watu waone zizi la zamani na zizi jipya pamoja. Mama alikuwa na kitenge kipya. Minza alikuwa ndani na mashangazi, na kila nilipopita dirishani nilimsikia akicheka, kile kicheko chake cha kujizuia ambacho hakizuiliki. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu utotoni, tulipokuwa tukiiba maziwa ya ndama.

Ng'ombe wakaja wakiswagwa na vijana wa Shishiyu, vigelegele vikapigwa, na mbele alikuwa yule mtamba mweupe ambaye Malimi alimchagua mwenyewe. Mama alimpenda palepale, akasema huyu atakuwa wa kukamua yeye kwa mikono yake. Basi mtamba naye, amechoka na safari, anawashwa na kupe, akaliona gari limesimama vizuri, akaenda akajikuna. Alijikuna kwa raha zake, kwenye madigadi ya nyuma, huku vijana wakimfokea. Alipoondoka alikuwa na doa jeusi ubavuni, pana kama sahani, na kwenye madigadi kulikuwa na bati tupu la kijivu.

Vigelegele vilikatika. Ulitembea mpaka kwenye gari ukagusa lile bati kwa vidole, kisha ukaenda ukagusa doa la mtamba, ukatuonyesha vidole vyeusi. Ukasema ng'ombe wao amechuna zizi lako siku ya kwanza tu ya ukwe, na kwamba kabla ya maneno mengine wataleta mtamba mwingine wa faini. Thomasi, mshenga wao, alisimama na kofia mkononi. Alizungumza kwa adabu, hakuna atakayesema vinginevyo. Alisema amechunga tangu akiwa mtoto na hajaona ngozi ya ng'ombe ikila chuma, na akaomba kwamba mwenye gari aseme kama gari lilikuwa zima kabla.

Ndipo ukanigeukia. Uliniuliza taratibu, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kama gari lilikuwa zima kabla ng'ombe hawajafika.

Nikasema lilikuwa zima.

Ukamgeukia Thomasi ukamwambia mwanao hajawahi kukudanganya. Thomasi akavaa kofia. Akasema wao wameleta ng'ombe na heshima, hawakuja kuitwa waharibifu, na kama uhusiano unaanza kwa faini basi bora usianze. Wakawageuza ng'ombe pale pale langoni, hata maji hawakunywa. Malimi ndiye alikuwa wa mwisho kuondoka. Alikuwa anatazama dirisha la Minza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Alhamisi iliyopita nilikuwa ghalani, nikaambiwa nina mgeni. Ni Malimi. Amekuja kwa baiskeli kutoka Shishiyu mpaka hapa, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nilidhani amekuja kugombana, nikajiandaa kuwa mkali. Kumbe alikuja kuniomba msamaha. Aliinama kabisa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita shemeji, akasema tangu siku ile hapati usingizi kwa sababu ya mtamba wake kuniharibia gari. Alisema wazee wao wamekataa katakata kurudi Nkoma, na Thomasi ndiye mkali kuliko wote, lakini yeye ameamua kumuuza ng'ombe wake wa kulimia anunue mtamba wa faini, amlete kwako kimyakimya bila wao kujua. Aliniomba nikubembeleze umpe muda hadi mnada ujao. Nilimuuliza msimu wa mvua atalimia nini. Akasema atalima kwa jembe la mkono, Minza akiwepo hakuna kazi kubwa.

Hapo hakuishia. Alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Lilikuwa kopo la nta, Baba. Alikuwa amezunguka maduka ya Maswa mjini akiuliza dawa ya gari lililochubuka, na amekataa makopo ya kusugua kwa sababu, kasema, kitu kilichoumia hakisuguliwi. Alichagua nta na kipande cha flaneli, kile kile alichoniambia Salu. Yeye hana gari wala hatarajii kuwa nalo. Alinipa kwa mikono miwili, kisha akacheka kidogo akasema angalau mtamba ameshapona, mama yake alimwogesha kwa sabuni ya mche siku ile ile waliyofika nyumbani, na doa lote lilitoka, amerudi mweupe kama maziwa. Kwa hiyo sasa limebaki gari tu, naye anaomba lipone.

Nilimpeleka nyumbani akanywa chai. Niliongea habari za bei ya pamba. Nilimsindikiza hadi njia panda, akapanda baiskeli yake, na hakuna nilichomwambia. Niliporudi, Esteria alikuwa ameliweka lile kopo la nta mezani. Kando yake alikuwa ameweka kopo langu la rangi ya viatu. Alimchukua mtoto akaenda naye kisimani, yeye na ndoo yake, akaniacha nayatazama makopo mawili.

Baba, rangi ya gari haitoki kwa sabuni ya mche. Rangi ya viatu ndiyo inayotoka.

Madigadi ile haikuharibiwa na ng'ombe. Niliiharibu mwenyewe, Jumamosi kabla ya kuja, kwa drili na ile ngozi ya mtoto. Kile cheusi kilichokuwa kinatoka kwenye donge la pamba kila Jumapili hakikuwa uchafu. Ilikuwa rangi ya gari, naitoa mwenyewe kidogo kidogo huku majirani wakinisifu, mpaka siku hiyo kona ile ikatoboka nikaona bati. Kesho yake ndiyo siku ya Minza, na wewe umeshatangaza zizi lako kijiji kizima. Nikachukua rangi nyeusi ya viatu vyangu vya kanisani, nikaipaka nene, nikaipiga brashi. Iling'aa kuliko sehemu nyingine zote. Esteria aliniambia nikueleze kabla watu hawajafika, kwamba utaumia lakini utakuwa umejua. Nikamwambia asiniletee mkosi siku ya furaha.

Kwa hiyo nilipokujibu kwamba lilikuwa zima, nilikuwa najua. Nilijua hata mtamba alipokuwa bado anajikuna. Nililiona lile doa ubavuni mwake nikalitambua kama mtu anavyotambua shati lake limevaliwa na mwingine. Ningeweza kusema hapo hapo, watu wangecheka, ungenikasirikia, na jioni tungekula nyama. Badala yake nilinyamaza nikawaacha waswage ng'ombe wao, na dada yangu yuko ndani amevaa. Sina maneno ya kueleza aibu niliyo nayo. Nikimpokea mkulima gunia lake siku hizi siingizi mkono. Naogopa kukuta mchanga nikalazimika kumwita mwongo.

Najua nimekuaibisha wewe pia, kwa sababu neno lako kwa Thomasi ulilisema kwa kuniamini, na sasa itabidi lirudishwe. Naomba usilirudishe wewe. Jumatano nimeomba ruhusa kazini, nakwenda Shishiyu. Nakwenda na gari hilo hilo, madigadi ikiwa wazi na bati lake, bila kupaka kitu, nilisimamishe mbele ya nyumba ya Thomasi na niwaambie wazee wao nilichokuambia hapa. Faini ni yangu. Yule mtamba wa kijivu, mtoto wa ng'ombe uliyenipa nilipooa, ambaye bado yuko zizini kwako, ni wao tangu leo kama watakubali kumpokea. Malimi asiuze ng'ombe wake wa kulimia. Kama wakikataa kunisikiliza, nitarudi tena Jumatano nyingine.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikuja Nkoma kusema kwa mdomo. Nilikuja, Baba. Ijumaa nililiwasha gari nikafika mpaka pale barabara inapokata kuja kwetu, nikamwona mtu kwa mbali anafanana na wewe, nikageuza. Ningeweza pia kumwomba katekista akusomee barua hii, ili Minza asiyakute haya kwa macho yake. Esteria ndiye aliyekataa. Alisema Minza ameshaandikishwa barua ya kumsahau Malimi, basi na hii apewe yeye aisome.

Msalimie shangazi, mwambie ile mbegu ya karanga nitaituma. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Mama mwambie ngozi ya mtoto nitamletea nyingine, na kwamba mtamba mweupe ni mzima na bado mweupe, huenda akamkamua.

Minza, wewe nimekuacha wa mwisho. Kusalimiana ni kutazamana usoni, na mimi bado sijaweza kukutazama. Kama umesoma haya kwa sauti ya chini, au umeruka mstari kwa kumhurumia Baba au kunihurumia mimi, rudi ukasome tena, Mama naye asikie. Salamu yako iko Shishiyu. Nitaifuata Jumatano, na nikiipata nitakuletea mwenyewe.

Ni mimi mwanao, niliyekudanganya,

Constantine Masunga